Siku yangu na Ballade ya Chopin, na mtoto wa gredi 7 ya piano anayeitaka

Saa 11 alfajiri. Hedifoni masikioni, kinanda cha umeme, jirani anasikia vidole vikigonga plastiki tu. Naanzia mwisho. Ballade namba 1 ya Chopin, wimbo wa piano, ile ya G maina iliyotoka 1836, ina ba (vipande vidogo vya mapigo) 264 ila mimi asubuhi nashika kuanzia ba ya 208 tu, pale palipoandikwa Presto con fuoco, yani mbio na moto. Wengi wanajifunza toka mwanzo, wakifika huku hoi, halafu wanasema wimbo mgumu.

Mkono wa kushoto ndo unaoua. Besi chini, kodi (noti kadhaa kwa pamoja) katikati, besi, kodi, mkono unaruka bila kupumzika huku kulia nako kuna vurugu zake. Kwahiyo napiga kushoto peke yake, macho nimefumba, metronomu iko 60, yani mapigo 60 kwa dakika. Besi ikikosewa nimefumba macho basi hiyo spidi bado si yangu, sipandishi.

Saa 2 mpaka saa 7 nafundisha shuleni, watoto wa gredi 1 na 2, tuyaache hayo.

Saa 8 mchana anakuja binti wa gredi 7. "Ticha, mi nataka ile Ballade, mbona mwanzo rahisi tu?" Na kwa macho ni rahisi kweli, Largo, yani polepole sana, mikono yote miwili noti zilezile kwa oktava. Sikumbishia. Nimempa ba nne za koda, ile sehemu ya mwisho ninayoshika asubuhi, polepole, mkono mmoja mmoja, na wakati anapiga sikuangalia noti kabisa, nilikuwa naangalia bega. Likaanza kupanda, kifundo kikakaza, dakika mbili tu anakung'uta mkono. Jibu nimelipata hapo: bado.

Gredi 8 ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, ndo ya mwisho na huu wimbo uko juu yake, sawa, ila namba hazisemi ugumu uko wapi. Hata Henle, wachapishaji wa noti wa Ujerumani wanaopanga ugumu 1 mpaka 9, wimbo mzima unapewa namba moja! Wakati ile melodi ya pili humohumo, ya E flati meja, huyu binti angeipiga hata wiki hii. Na kinachonisumbua mimi kuliko koda, amini usiamini, ni ile Moderato (mwendo wa wastani) ya mwanzoni, baada ya Largo, ambayo kila mtu anaiona nyepesi: sauti ya juu iimbe, kodi za chini zisikike kwa mbali, ukikandamiza kidogo tu inakuwa muziki wa lifti.

Saa 12 jioni kwaya kanisani. Umeme ukakatika katikati ya mazoezi, wenzangu wakaenda zao, mimi nikabaki na piano ya mbao kwa tochi ya simu. Unyevu wa pwani umeivimbisha, kuna noti ukiibonyeza inabaki hukohuko. Ila vitufe ni vizito kuliko vya kinanda changu, na koda niliyoona asubuhi imekaa, hapa ilianguka ba ya tatu. Nikairudisha 60.

Saa 3 usiku mama wa yule binti ananitumia meseji: "Mwalimu, ataweza kuipiga Krismasi?" Nimemwambia Krismasi apige Waltz ya C shapu maina, Op. 64 namba 2, ya Chopin huyohuyo, kushoto kunaruka vilevile ila panapumulika. Ballade tutaigusa akimaliza gredi 8. Amejibu, "Sawa mwalimu, ila yeye ameshaiprinti yote."