Nilivyohamishia turubai langu darasani

Muhula wangu wa kwanza wa kufundisha uchoraji chuoni niliumaliza nikiandika ubaoni. Wanafunzi walinakili duara la rangi, mchoro unaoonyesha jinsi rangi zinavyohusiana, kwa bidii na kufaulu mtihani, lakini kila sura waliyoichora ilitoka na kahawia ile ile iliyofifia, ambayo vivuli vyake vilikolezwa kwa rangi nyeusi ya tyubu. Kosa lilikuwa langu, kwani usiku nilichora nyumbani na mchana nilifundisha, na kati ya kazi hizo mbili sikuwa nimeweka njia.

Nilimkumbuka Edward Saidi Tingatinga, ambaye tangu mwaka 1968 hadi kifo chake mwaka 1972 alichora juu ya hadibodi kwa rangi za kung'aa za baiskeli jijini Dar es Salaam, na ambaye vijana wake, baadhi yao ndugu zake, walijifunza kwa kuketi kando yake. Sikutaka wanafunzi waige mkono wangu, maana chuo kina wajibu wa kumsaidia kila mmoja kuupata wake, lakini kule kuketi kando nilikuhitaji sana. Nikaleta turubai nililokuwa nikilifanyia kazi, nikalisimamisha katikati ya darasa.

Rangi nyeusi niliiondoa kabisa. Giza tulilitengeneza kwa kuchanganya buluu ya ultramarini na kahawia nyekundu ya udongo uliochomwa, mchanganyiko ambao buluu ikizidi huonekana wa baridi na kahawia ikizidi huonekana wa joto. Kisha nikawaketisha wawili wawili dirishani, kila mmoja amchore mwenzake. Binti mmoja alipaka paji la uso la rafiki yake kahawia tupu. Nikamwomba afumbe macho nusu na kutazama tena. Alinyamaza kitambo.

"Mwalimu, hapa pana buluu."

Ilikuwa nuru ya anga iliyoingia dirishani na kutua kwenye ngozi nyororo, na chini ya kidevu palikuwa na wekundu uliotoka kwenye shati.

Wiki iliyofuata niliukwangua kwa kisu mdomo niliouchora kwa siku nyingi, wote wakitazama, nikiwaeleza kwamba ulikuwa mzuri lakini ulikaa juu mno. Tangu hapo natoa alama kwa michoro ya awali pia, hata iliyokwanguliwa, kwa sababu humo ndimo ninamoona mwanafunzi alipoamua jambo.