Milioni 18 kwenye nyumba isiyo na jina langu

Ndugu zangu wa Tanga wakisikia ninakarabati nyumba Uganda, huniuliza swali lile lile, tena kabla salamu hazijaisha: karatasi zina jina la nani? Nikiwajibu kwamba hazina langu, simu hupoa kidogo, kisha mtu anageuza maneno na kuulizia bei ya ndizi.

Nyumba yenyewe ipo Bombo, kilomita thelathini na kitu kaskazini mwa Kampala, barabara ya kwenda Gulu. Mke wangu aliachiwa na bibi yake. Ina vyumba viwili na sebule, kuta za matofali ya kuchoma yaliyoungwa kwa udongo, na mabati yaliyooza kwa kutu kiasi kwamba ukiingia saa sita mchana unaona nyota. Bombo kwa Mtanzania ni mahali pepesi. Wanubi, watu wenye asili ya Sudan, ni wengi, kambi ya jeshi ipo, na Kiswahili unakikuta sokoni bila kukitafuta. Mzee mmoja jirani yetu ananiita Mkombozi tangu aliposikia nimetoka Tanzania, kwa sababu ya vita vya 1979. Sijapata ujasiri wa kumwambia kwamba wakati ule nilikuwa sijazaliwa.

Nirudi kwenye karatasi, maana wengi wenu mliohamia huku mnaniuliza. Katiba ya Uganda ya 1995 inataja aina nne za umiliki wa ardhi: ya kimila, ya kudumu, ya mailo na ya kukodi kwa mkataba. Asiye raia, hata awe wa Afrika Mashariki kama mimi, anaruhusiwa hiyo ya mwisho tu, na Sheria ya Ardhi ya 1998 haimpi zaidi ya miaka 99. Huku Buganda kuna la ziada. Mailo ilianza na mkataba wa 1900 baina ya Waingereza na Buganda, na hadi leo unaweza kukuta kiwanja kina mwenye ardhi na juu yake kuna mwenye kibanja, yaani mwenye haki ya kukaa pale, anayemlipa busuulu, kodi ya ardhi, kila mwaka. Nyumba yetu ndiyo hivyo. Kwa hiyo kabla ya kununua hata msumari tulihakikisha busuulu imelipwa na stakabadhi zipo, mwenye ardhi ametambua kwamba kibanja kimetoka kwa bibi kikaja kwa mjukuu, na mwenyekiti wa mtaa anajua. Hela iliyotumika hapo ilikuwa ndogo, ila ndiyo iliyolinda ile nyingine yote. Na kuna kifungu kimoja kinachonipa usingizi: ardhi ambayo familia inaishi na kuitegemea haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa.

Hata hivyo, nilipokaa kupiga hesabu nilijiambia kwamba kila shilingi inayoingia ukutani imeshatoka mikononi mwangu. Nikachora safu mbili kwenye daftari, vinavyobebeka na visivyobebeka. Tangi la maji, friji na fanicha huku. Mabati, lipu na madirisha kule. Mke wangu alipolifungua lile daftari aliuliza tu yeye nimemwandika safu gani. Ukurasa ule nikauchana.

Tulichobaki nacho ni milioni 18 za Uganda na kanuni moja: maji kwanza. Nyumba ndogo iliyochoka huuliwa na maji, yanayotoka juu na yanayopanda kutoka chini, na mengine yote unayoyaona, rangi iliyobanduka, mlango uliovimba, harufu ya ukungu, ni matokeo. Ukipaka rangi kabla ya kutibu paa umenunua rangi mara mbili. Shemeji zangu walitaka tuanze na vigae sebuleni ili wageni wa Idi waone kazi inaendelea. Niliwasikiliza kwa adabu zote za mkwe, kisha nikanunua mabati.

Paa lilikula karibu milioni 7, na sijutii hata senti. Tulichukua geji 28. Kwa wasiojua, namba ikipanda bati linazidi kuwa jembamba, kwa hiyo anayekuuzia geji 32 kwa bei ya chini hajakupunguzia kitu. Kiwandani wanakukatia urefu unaoutaka, kwa hiyo pima mteremko wa paa lako mwenyewe, bati moja litoke juu hadi chini bila kiungo. Kiungo kinachopungua ni tundu linalopungua. Mbao tulizifuata Ndeeba, kule Kampala kwenye wauza mbao, zikapigwa dawa ya mchwa kabla hazijapanda juu. Kazi yenyewe tuliipanga Januari. Hapa katikati ya Uganda mvua kubwa huanza Machi hadi Mei, halafu zinarudi Septemba hadi Novemba, na fundi anayekubali kufungua paa lako Aprili labda hana kazi nyingine, nawe jiulize kwa nini.

Mabati ya zamani yalipoteremshwa tukakuta ile mbao inayolala juu ya ukuta na kubeba kenchi imeliwa na mchwa upande mzima. Kwa nje ilikuwa nzima kabisa. Ukiibonyeza kwa kidole kinazama. Ndiyo maana tuliweka milioni mbili pembeni bila kuzipa jina. Usimwambie fundi kwamba zipo. Usiwaambie shemeji pia.

Kwenye lipu ndiko tulikovutana. Nyumba ni mita 7 kwa 8, mzunguko mita 30, kimo mita 2.7. Ukitoa milango na madirisha, kuta za nje zinabaki kama mita za mraba 70. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ukichanganywa moja kwa nne na mchanga, lipu ya unene wa sentimita moja na nusu, unafunika mita za mraba 8 au 9. Kwa hiyo mifuko minane. Fundi aliandika 20.

Nilimwonyesha hesabu. Hakubisha. Alichukua ubao mrefu ulionyooka, akauegemeza ukutani, akaniambia nipitishe mkono nyuma yake. Mahali pengine mkono ulipita mzima. "Mkubwa, haya mabonde utayajaza kwa kalamu?" Halafu akakwangua kiungo kimoja kwa msumari, udongo ukamwagika kama unga. Lipu ya saruji ukiibandika juu ya udongo uliolegea, msimu mmoja tu inaachia ukuta na kudondoka vipande vipande. Ilibidi viungo vikwanguliwe ndani, vijazwe upya kwa saruji, na sehemu mbaya zipigiliwe wavu wa kuku kabla ya lipu. Tulikutana kwenye 14, lakini kwa masharti yangu: tunachukua mitano mitano dukani, na mke wangu ndiye anayehesabu mifuko mitupu jioni. Jumla ikafika 13. Yule fundi bado ninaye hadi leo.

Mchanga unauzwa kwa tripu ya lori, na tripu haina mita. Simama pale linapomwagwa, basi.

Vibarua, ambao huku wanaitwa mapoota, wanalipwa kwa siku, lakini kazi yenye mwanzo na mwisho kama paa tulimpa fundi kwa mapatano ya jumla. Ukimlipa kwa siku mtu anayepiga paa, kila wingu likijikusanya anashuka kunywa chai. Chakula nacho kiingize kwenye bajeti tangu mwanzo. Asubuhi chai na chapati, mchana posho, yaani ugali, na maharage. Watu watano kwa wiki kadhaa si hela ya kutoa mfukoni ukijifanya huioni. Tulipika nyumbani, na nina hakika tulipata kazi nzuri zaidi kuliko tungewapa hela ya kikomando, chapati na maharage ya kununua.

Jambo dogo linalonyonya kimya kimya ni kulipa kwa simu. Ukimtumia mtu hela, anataka na ya kutolea, na juu ya ada ya mtandao serikali inakata nusu asilimia ya kiasi kinachotolewa. Malipo madogo madogo kila siku yanajikusanya. Sisi tuliwalipa watu Jumamosi, taslimu, wakisaini kwenye daftari lile lile nililochana ukurasa.

Waya za umeme zilizokuwa darini zilikuwa za kutisha, zote tukazing'oa, na nilimtafuta fundi mwenye leseni ingawa wa mtaani alitaka nusu ya bei. Madirisha ya chuma tulichomelewa hapa hapa Bombo. Sakafu tuliisuguzia saruji ikawa laini, tukatandika mikeka.

Hesabu ilifungwa kwenye milioni 17 na laki sita. Dari bado, na mchana bati linatuchoma. Mifereji ya paa na tangi la lita elfu moja ndivyo vinavyofuata kabla ya mvua za Septemba, halafu choo cha nje, ambacho shemeji wameahidi kuchanga. Vigae tutaviongelea mwakani, na mke wangu ameshasema rangi anayoitaka.