Kuzunguka Accra peke yako kwa trotro

Aliyezoea daladala au matatu hatasumbuka sana na trotro, mabasi madogo ya abiria ya Accra. Yatakayomkwaza ni machache, na la kwanza linaweza kumgonga: Ghana magari hupita kulia. Kabla ya kuvuka natazama kushoto kwanza, na trotro naipandia mlango wa kulia.

Usitegemee kusoma njia ubavuni mwa gari. Konda, ambaye wao humwita mate, anaita kwa sauti na kwa mkono. Kidole kinachochora duara kikielekea chini ni Circle, kwenye mzunguko wa Kwame Nkrumah, ambako njia nyingi hukutana. Kidole kikinyooshwa juu huku akipaza "'Kra, 'kra!" gari linaelekea katikati ya mji, upande wa soko la Makola. Kwa hiyo unaweza kusema unakwenda Accra ukiwa Accra hiyohiyo, na hakuna atakayekushangaa.

Stendi gari haling'oki mpaka lijae, vikiwemo viti vya kukunja vya katikati. Hivyo navikwepa: kila abiria wa nyuma akishuka, wewe unasimama na kukunja. Nakaa dirishani, begi mapajani. Nauli hupitishwa mkono kwa mkono, safu kwa safu, hadi kwa mate. Beba noti na sarafu ndogo za sedi. Ukitoa noti kubwa asubuhi chenji huchelewa, na usipoikumbusha kabla ya kituo chako imekwenda. Kushuka hugongi bodi, unasema "bus stop" mapema.

Teksi nyingi hazina mita. Ukiingia iliyo tupu, dereva huhesabu umekodi gari zima, wenyewe wanasema "dropping". Mwambie mapema kama unachangia na wenzako, au mpatane bei mlango haujafunguliwa. Mtajie kituo cha mafuta au kanisa la jirani. Jina la mtaa pekee halitamfikisha.

Jamestown, mtaa mkongwe wa pwani, ni ya miguu, tena asubuhi kabla jua halijakali. Naanzia mnara wa taa, nafuata High Street kwenda mashariki, napita ngome ya Ussher Fort hadi bustani ya kumbukumbu ya Nkrumah. Atakayejitolea kukutembeza, malipo yajulikane kabla ya hatua ya kwanza. Bandarini kwa wavuvi, omba ruhusa ndipo utoe kamera.

Waakye, wali na maharagwe uliopata wekundu kwa majani ya mtama, inunue asubuhi pia. Yai, talia (yaani tambi) na gari (chenga za muhogo zilizokaangwa) kila kimoja kina bei yake, basi ukiyaitikia yote jumla itapanda. Pesa toa kwa mkono wa kulia.