Kabla ya kulaumu mashine, angalia tone

Kifaa cha mkononi cha kupimia damu kikitoa jibu la ajabu, mashine ndiyo hulaumiwa kwanza. Mara nyingi kosa limeanzia kidoleni.

Ndani ya kartriji, yaani kijisanduku kinachopokea damu na kuchomekwa kwenye kifaa, mna mifereji myembamba, mingi ikiwa na kimo cha mikromita 100 hivi, karibu unene wa karatasi. Katika kartriji nyingi damu hujivuta yenyewe, kama mafuta yanavyopanda utambini. Lakini kimo cha mfereji mpana kikipungua nusu, ukinzani dhidi ya damu inayopita huongezeka mara nane. Kidonge kidogo cha damu iliyoganda kinatosha kuziba njia.

Anza na mkono. Ukiwa wa baridi, upashe joto dakika 3 hadi 5. Toboa kidole cha kati au cha pete, pembeni kidogo mwa ncha. Kabla ya hapo safisha kwa spiriti ya asilimia 70, uache ikauke yenyewe, kama nusu dakika. Hapa ndipo haraka inapoharibu kazi: spiriti ikiwa bado mbichi, chembe nyekundu hupasuka na tone hutambaa badala ya kusimama.

Tone la kwanza lifute kwa pamba kavu; limechanganyika na majimaji ya nyama ya kidole. La pili liache likue lenyewe. Mikrolita 10, yaani sehemu moja ya mia ya mililita, ni tone la duara kamili lenye upana wa milimita 2.7 hivi. Usikamue! Majimaji yakiingia, himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, husomeka chini kuliko ilivyo. Chembe zikipasuka, potasiamu iliyomo ndani yake humwagika na kusomeka juu.

Gusisha mdomo wa kartriji kwenye tone, uushikilie hapo mpaka ijae. Ukiuondoa katikati kisha ukaurudisha, umeingiza kiputo cha hewa. Usijaribu kuongezea damu; chukua kartriji mpya. Unapofuta damu ya nje, pamba isiguse mdomo wenyewe, maana itanyonya na ya ndani.

Kartriji ya kutoka kwenye friji ibaki ndani ya pakiti yake mpaka ifikie joto la chumba, la sivyo itatoa jasho.

Kinachonisumbua zaidi ni potasiamu. Maabara ikitenganisha plazma, yaani majimaji ya damu yasiyo na chembe, wekundu wa chembe zilizopasuka huonekana kwa macho. Kwenye kartriji huingia damu nzima, na vifaa vingi havitambui kama chembe zimepasuka. Kwa hiyo potasiamu ya juu iliyotoka kidoleni irudiwe haraka kwa damu ya mshipa, na moyo wa mgonjwa upimwe huku jibu likisubiriwa, maana potasiamu ikiwa juu kweli huuhatarisha.