Mabayani, ziwa tunalolinywa kila siku

Jumamosi niliwapeleka wapwa zangu wawili Mabayani, bwawa la maji la hapa kwetu Tanga, maana nimechoka kusikia "mjomba leo Raskazoni?" kila wikiendi, yaani ufukweni. Tukachukua boda mbili, kachori na mkate wa kumimina kwenye hotpoti, haoo.

Tulipofika yule mdogo kasimama kimya weee, halafu kauliza, "Mjomba, nani kalichimba?" Nikacheka. Hakuna aliyechimba mwanangu, huu ni Mto Zigi, unatoka kule Usambara Mashariki kwenye misitu ya Amani unashuka zake kwenda baharini, sasa mwaka 1978 ukawekewa ukuta hapa, maji yakajaa bondeni yakatulia, ndo hayohayo yanasafishwa yanaingia kwenye ndoo ya bibi yako. Hakuniamini.

Starehe zenyewe msitegemee makubwa. Tuliomba ruhusa kwa mlinzi, tukatafuta kivuli, tukala. Kulikuwa na mdiria katulia juu ya tawi kavu, mara akajitupa majini chubwi! akatoka na kisamaki mdomoni, watoto wakasahau na kachori. Kuogelea niliwakataza, wakanuna. Jamani haya ni maji ya kunywa ya mji mzima, kuoga tuna bahari pale chini bure kabisa. Anayetaka mambo ya mitumbwi na perege wa kumwaga aende Nyumba ya Mungu kule Mwanga, lile bwawa la miaka ya sitini la Mto Pangani, lile lilitengenezwa kwa ajili ya umeme na wavuvi wakahamia kwa fujo, na maji yake ndo yanakuja kuzungusha mitambo ya Hale huku kwetu.

Kinachoniuma ni tope. Mvua kubwa ikinyesha mto unashuka mwekundu kama chai ya maziwa, kwa sababu huko juu watu wanalima mpaka ukingoni, wengine wanachekecha dhahabu kwenye vijito, na tope likishaingia bwawani linakaa chini, nafasi ya maji inapungua. Mwaka 2024 mamlaka ya maji Tanga iliuza hatifungani ya kijani, yaani kukopa kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi ya mazingira, ya shilingi bilioni 53.12 za kupanua huduma, sawa, nimefurahi, lakini bomba jipya na bwawa lililojaa udongo wapi na wapi?

Jioni nyumbani yule mdogo kafungua bomba, kajaza glasi, kaiinua kwenye taa anakagua kama kuna samaki.