Kurudishiwa amana ya nyumba: pigania mapema, kabla funguo hazijatoka mkononi

Amana uliyoweka ulipoingia kwenye nyumba ya kupanga ni pesa yako. Mwenye nyumba anaishika tu, ili ukiondoka na deni au ukiwa umeharibu kitu, apate pa kujifidia. Wapangaji wengi huikumbuka vyombo vikiwa vimeshapakiwa, na hapo muda wa kurekebisha lolote umekwisha.

Fungua mkataba, utafute kifungu cha notisi. Mara nyingi siku huhesabiwa tangu mwenye nyumba anapoipokea, si tangu ulipoiandika, na mikataba mingine hutaka iishie mwisho wa mwezi wa kodi. Kwa hiyo ukichelewa siku 2 unaweza kudaiwa mwezi mzima. Iandike, iwe na tarehe, na ubaki na nakala aliyoisaini. Ukiituma kwa simu, mwombe ajibu kwamba ameipata. Na usikae bila kulipa mwezi wa mwisho ukisema “atakata kwenye amana”, isipokuwa mmekubaliana hivyo kwa maandishi. Huko ni kuvunja mkataba, na kitu kingine kikionekana kimeharibika utakuwa unadaiwa juu ya deni.

Ugomvi mkubwa huwa kwenye uchakavu. Rangi iliyofifia kwa jua, zulia lililolala pale kochi lilipokaa, kitasa kilicholegea kwa kufunguliwa kila siku: huo ni uchakavu wa kawaida, na hupaswi kuulipia. Sinki lililopasuka au alama ya pasi sakafuni ni uharibifu. Hata hapo, huwajibiki kumnunulia mwenye nyumba kitu kipya badala ya kikuukuu. Chukua rangi inayotarajiwa kudumu miaka 5, iliyopakwa miaka 4 iliyopita. Umeichafua ikiwa imebakiza mwaka 1, basi haki ni kulipa asilimia 20 ya gharama ya kupaka upya. Hesabu hii wengi hawaijui, nayo inaweza kuokoa pesa nyingi.

Matundu ya misumari yazibe mwenyewe. Zungusha msumari taratibu kwa koleo. Ukiuvuta kwa nguvu, plasta inabanduka nao. Kwangua kingo zilizovimba, futa vumbi, kisha jaza puti. Tundu refu lijaze mara 2, kwa sababu puti husinyaa ikikauka na kuacha kibonde. Ikishakauka kabisa, pitisha msasa laini. Halafu jizuie: usiguse doa hilo kwa rangi uliyokisia dukani. Rangi ya zamani hubadilika ukutani, na kiraka kipya huonekana kuliko tundu lenyewe. Ikibidi kupaka, paka ukuta mzima kutoka kona hadi kona, baada ya kumuuliza mwenye nyumba.

Usafi wenyewe, shughulika na pale mkaguzi anapopitisha kidole: juu ya makabati ya jikoni, ndani ya oveni, feni ya kutolea moshi, mipira ya mlango wa friji. Friji izime siku moja kabla ya kuhama ili barafu iyeyuke, na mlango uache wazi isije ikaota ukungu. Ukoko mweupe kwenye mabomba huondoka kwa kitambaa kilicholoweshwa siki, kikae dakika 30, lakini siki isifike kwenye marumaru ya mawe ya asili, kwani asidi hulila jiwe. Tafadhali, usichanganye siki na dawa ya klorini. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu.

Omba ukaguzi wa pamoja wiki 1 au 2 kabla ya kuhama, ili kasoro atakazotaja upate nafasi ya kuzitengeneza. Ukaguzi wa mwisho ufanyike mchana, nyumba ikiwa tupu na umeme ungali unawaka. Shikeni orodha ya hali ya nyumba ya siku ulipoingia, mwende chumba kwa chumba. Kila chumba kipigwe picha ya mbali, kisha picha ya karibu ya kila kasoro, rula ikiwa pembeni. Rekodi video ya mabomba yakitoa maji na choo kikivutwa. Piga picha namba za mita za maji na umeme. Funguo zihesabiwe, na upewe hati iliyosainiwa inayotaja idadi yake. Hati yenye maneno “sina madai yoyote” usiisaini kabla pesa haijaingia.

Akitaka kukata, aorodheshe kila kitu na bei yake, pamoja na risiti au makadirio ya fundi. “Matengenezo” tupu bila mchanganuo usikubali. Ukungu uliotokana na bomba linalovuja si deni lako, mradi uliripoti uvujaji kwa maandishi ulipouona. Ukikaa kimya hadi ukasambaa, lawama inaweza kukurudia.

Akinyamaza, angalia muda ambao sheria ya mahali ulipo au mkataba wako unampa. Muda huo ukipita, mwandikie barua ya madai yenye kiasi kamili, picha zako, akaunti ya kulipia na siku ya mwisho, tuseme siku 14, kabla ya kwenda kwenye baraza au mahakama inayoshughulikia kesi za upangaji. Akikurudishia sehemu tu, ipokee, na siku hiyohiyo umwandikie kwamba umepokea kiasi hicho na bado unadai kilichobaki.