Siku moja maishani mwangu: kwa miguu hadi shamba la Irente

Saa 11 alfajiri. Lushoto mwezi wa saba, baridi inaingia hadi kwenye mifupa. Namkamua ng'ombe wangu mmoja, nampa majani, nakunywa chai ya rangi. Kazi yangu ni kuongoza wageni, na leo nina familia ya watu wanne kutoka Dar es Salaam.

Saa 2 asubuhi. Tunaianza njia ya Irente, kilomita kama sita. Sokoni karoti na kabichi zinashushwa. Njiani ni shikamoo kwa kila bibi tunayepishana naye. Binti yao wa miaka tisa ndiye anayemwona kinyonga kwanza: dume mwenye pembe mbili puani, aina isiyopatikana kokote duniani ila Usambara Magharibi. Tunamtazama akiwa tawini mwake. Niliwahi kumwona mwenzangu akimbandua mmoja ili apigwe picha. Akawa mweusi kwa hofu. Tangu siku hiyo hakuna mgeni wangu anayemgusa kinyonga.

Saa 4. Tumefika. Shamba hili ni la kanisa la Kilutheri, KKKT, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, na ni la zamani. Mji wenyewe wa Lushoto, Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Wageni wengi huja kula tu: mkate mweusi wa nafaka ya rai, jibini, jamu ya matunda ya huku. Mimi hupitia zizini kwanza. Nataka waone ng'ombe na kwato zenye tope, na majani yaliyokatwa mapema huku sisi tukinywa chai.

Baba yao anauliza kwa nini wahangaike na jibini badala ya kuuza maziwa. Namkumbusha barabara aliyopanda jana: kutoka Mombo ni kilomita 33 za kona. Maziwa mabichi hayana subira, jibini inayo. Yanapashwa moto, yanagandishwa, maji yanachujwa, kinachobaki kinakandamizwa na kuachwa kikomae. Kilo moja ya jibini ngumu hula takriban lita kumi. Binti anakitazama kipande mkononi mwake. "Kwa hiyo hapa kuna lita nzima?" Namwambia ndiyo, na mtu aliyeamka gizani kuikamua.

Saa 6 mchana. Tunakula chini ya miti. Hakuna anayezungumza.

Saa 8. Ukingoni. Mlima unakatika ghafla, na kijiji cha Mazinde kiko karibu mita elfu moja chini yetu, tambarare ikienda hadi macho yachoke. Mistari ile iliyonyooka ni mkonge, zao lililoletwa na Richard Hindorf mwaka 1893. Mwaka mmoja kabla, mtawala wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka kwao ua dogo la zambarau la milima hii; leo linapandwa madirishani Ulaya nzima kwa jina lake, Saintpaulia. Hilo hunichoma kila ninapolieleza. Wazee wetu walilijua ua hilo kabla yake.

Saa 11 jioni. Nimewaacha hotelini, naenda kukata majani. Simu inaita: ni mama yao. "Kaka, samahani. Huyu mtoto anataka kuona ng'ombe akikamuliwa. Shambani wataturuhusu?"

Namwambia shambani ni lazima niombe, lakini wangu yupo. Saa 11 alfajiri, na wavae masweta.